Vikao Sita, Vimelipiwa

Kwenye hati ya mshahara, chini kabisa,
chini ya kodi, chini ya bima ya meno,
chini ya jumla ambayo sikuthubutu kuitazama,
kuna namba ya simu,
maandishi madogo kama sisimizi waliofia safuni.
Miaka kumi na mmoja nimeipokea hati hiyo.
Nani husoma sakafu ya karatasi?

Sudbury, Januari. Thelathini chini ya sifuri,
baridi ya kugandisha kope.
Sisi ndani tunakaanga mawe, tunatafuta nikeli.
Usiku tanuri hutapika mavi ya chuma,
mbingu ikaiva nyekundu,
na watoto wa mjini hudhani ndivyo usiku ulivyo.

Mimi, Reijo Hakala, zamu ya tatu,
nilikuwa na mashine nyingine ya kulisha.
Ina taa, ina tumbo lisilo na mwisho.
Ukishinda huimba. Ukishindwa pia huimba.
Kikulacho ki nguoni mwako:
changu kilikuwa kadi ya plastiki, mfuko wa nyuma.
Nilianza na chenji.
Nikafika kwenye viatu vya barafu vya Eino, mwanangu,
namba tano, kamba za buluu.
Nikamwambia vimeibwa garini.
Aliniamini upesi,
na akanipa pole.

Fernande Lachapelle, msimamizi wetu, hakuniuliza kitu.
Alikuwa ameona nimechelewa mara nne.
Akaniona nafungua vali kabla ya kengele,
akanivuta kwa kola, sote tukaanguka.
Barua ya onyo aliiandika, maana sheria ni sheria.
Kisha akaichukua hati yangu ya mshahara,
akaizungushia duara ile namba
kwa kalamu ya kutia alama mabomba.
"Barua ni ya kampuni," akasema. "Hii ni yako.
Wao wanalipa, lakini hawasikii."

Sikumwamini. Tangu lini
mwenye kulipa akakosa masikio?

Nilipiga saa tisa usiku, ndani ya gari,
injini ikinguruma nisigande.
Nilitarajia kinanda, na sauti ya kuniambia nisubiri.
Akapokea mtu. Odile.
Hakutaka namba yangu ya kazi.
Aliuliza, "Uko salama sasa hivi?"
Nikasema ndiyo.
Halafu nikasema sijui.
Kioo kilipojaa ukungu wa pumzi zangu
ndipo nilipojua nimesema dakika arobaini.

Vikao sita, vimelipiwa.
Chumba juu ya duka la miwani, hita inayogonga gonga.
Cha kwanza, nilidanganya.
Cha pili, nilitaja deni, nikalikata nusu.
Cha tatu nikalitaja lote, na dari haikuanguka.
Cha nne alikuwepo kijana wa mahesabu, ana mafua,
akapanga nani alipwe kwanza, nani avumilie,
huku akipenga kamasi kwa heshima kubwa.
Cha tano sikwenda.
Odile alipiga simu, akasema tu Alhamisi ana nafasi.
Cha sita tulizungumza habari za supu ya njegere,
jinsi mama yangu alivyoipika, na haradali juu,
na nililia kuliko vikao vyote.

Usiniulize kama nimepona.
Jumatatu naketi na wenzangu tisa chini ya kanisa,
kahawa yao mbaya mno.
Ile barabara yenye taa bado naizunguka kwa mbali,
kama mdaiwa anayekwepa duka.

Machi ya mwaka uliofuata nikaviona dirishani
kwa muuza vitu vikuukuu: kamba zile zile za buluu.
Nikalipa bila kuomba punguzo.
Nyumbani nikamweleza Eino yote, nimesimama, koti mwilini.
Hakusema neno. Aliketi ngazini,
akajaribu kusukuma mguu.
Mguu wake sasa ni namba saba.

Akazifungua kamba, tundu kwa tundu, taratibu,
akazikunja kiganjani.
"Hizi," akasema, "bado zinafaa."